Soko, sarafu au shirikisho: kila hatua inachukua mamlaka gani ya nchi

Kila mjadala wa kuunganisha nchi unapoanza, swali linalotupwa mezani ni moja: je, tutapoteza uhuru wetu? Ni swali la haki. Wanaolibeza hawawatendei haki watu waliopata uhuru kwa jasho na damu. Tatizo lake ni kwamba linaufanya uhuru wa nchi uonekane kama chungu, ama kizima ama kimepasuka. Mamlaka ya nchi ni mafungu. Kuna fungu la kutoza ushuru bandarini, fungu la kuamua nani aingie na akae, fungu la kutoa fedha na kupanga riba, fungu la kuhukumu, fungu la kutuma jeshi. Kila aina ya muungano inachukua fungu lake, na mafungu haya hayalingani uzito, wala yote hayarudi kwa urahisi.

Ninaandika kwa ajili ya anayetaka kuamua aunge mkono hatua ipi na apinge ipi, awe mpiga kura, mbunge anayeletewa itifaki airidhie, au mtu anayetaka tu kuuelewa mjadala. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: hofu yetu imekaa mahali pasipo pake. Tunagombania sana mipaka na bendera, huku fungu zito kuliko mengi, la sarafu, likipita kwenye itifaki ambazo wachache wamezisoma.

Eneo huru la biashara au umoja wa forodha

Kwenye eneo huru la biashara nchi zinaondoleana ushuru, lakini kila moja inabaki na ushuru wake kwa bidhaa za kutoka nje ya eneo. Ndivyo lilivyo Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Kigali Machi 2018, na ndivyo ulivyo mkataba wa Marekani, Kanada na Meksiko. Mamlaka unayoacha hapa ni madogo. Gharama iko kwenye makaratasi. Kwa kuwa kila nchi ina ushuru wake wa nje, mzigo lazima uthibitishe ulikotengenezwa, la sivyo bidhaa za mbali zitapitia nchi yenye ushuru mdogo na kusambaa kote.

Fikiria lori lililobeba betri za magari. Dereva anafika mpakani na cheti cha uasili wa bidhaa mkononi. Ofisa wa forodha anataka kujua madini ya risasi yaliyo ndani ya betri yametoka wapi, plastiki imetoka wapi, na ni kiasi gani cha thamani kimeongezwa ndani ya eneo. Sahihi kwenye cheti isipofanana na ile iliyo kwenye orodha yake, lori linalala hapo. Asubuhi yanapigwa simu, mchana inatumwa barua, na kila siku inayopita mwenye mzigo analipia maegesho na posho ya dereva. Hakuna aliyevunja sheria. Huo ndio uhuru wa kila nchi kubaki na ushuru wake, na analipa mwenye mzigo.

Umoja wa forodha unaondoa sehemu kubwa ya usumbufu huo kwa sababu ushuru wa nje unakuwa mmoja kwa wote. Wa zamani zaidi duniani ambao bado unafanya kazi ni ule wa kusini mwa Afrika, ulioanza 1910, na leo una Afrika Kusini, Botswana, Lesotho, Namibia na Eswatini. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliuanza wa kwake 2005. Hapa ndipo fungu la kwanza la maana linapoondoka: waziri wa fedha hawezi tena kupandisha au kushusha ushuru peke yake, hata kama viwanda vya kwao vinalia.

Au angalau hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Afrika Mashariki ilipoongeza daraja la nne la ushuru wa pamoja, asilimia 35, Julai 2022, nia ilikuwa kupunguza maombi ya nchi moja moja ya kutotumia kiwango kilichokubaliwa. Maombi hayo yamekuwa desturi ya kila msimu wa bajeti: nchi fulani inapewa ruhusa ya mwaka mmoja kutoza zaidi au pungufu kwa bidhaa fulani. Anayeogopa kupoteza mamlaka ataona ahueni, maana nchi bado inajiamulia. Mimi naona kinyume chake. Ruhusa hizo zinarudisha karatasi zile zile mpakani, kwa sababu jirani sasa ana haki ya kuuliza mzigo wako uliingia kwa kiwango kipi. Ukiingia umoja wa forodha kisha ukaomba ruhusa kila mwaka, umeacha mamlaka bila kupata soko.

Kuna utegemezi mwingine ambao hauandikwi kwenye mabango ya maandamano. Kule kusini mwa Afrika ushuru unaingia kwenye mfuko mmoja, kisha unagawanywa kwa kanuni maalumu. Kwa Lesotho na Eswatini mgao huo umekuwa sehemu kubwa sana ya mapato ya serikali. Uagizaji wa bidhaa wa Afrika Kusini ukishuka, bajeti ya Maseru, mji mkuu wa Lesotho, inayumba, na hakuna kura inayoweza kupigwa Maseru kuzuia hilo. Nchi ndogo inayojiunga na umoja wa forodha iulize mapema mapato yatagawanywa vipi, kabla ya kuuliza wimbo wa jumuiya utaimbwa wapi.

Watu na ardhi

Soko la pamoja linaongeza watu, huduma na mitaji. Hapa hofu ni kubwa na ni ya kweli: watakuja wengi, watachukua kazi, watanunua ardhi. Swali ni kama mkataba umeandikwa kuijibu hofu hiyo au kuipuuza.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, iliijibu kwa upande wa ardhi. Ibara ya 15 inaacha umiliki na matumizi ya ardhi chini ya sera na sheria za kila nchi. Nimekutana na watu wengi wanaopinga jumuiya kwa sababu ya ardhi bila kujua kwamba ardhi haikuwahi kukabidhiwa. Lawama naipeleka kwa serikali, ambazo hazikuwasomea wananchi wao itifaki kwa lugha wanayoielewa.

Ulaya inatoa funzo la upande wa pili. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulipokea nchi nane za mashariki na kati kwa mkupuo mmoja, pamoja na Cyprus na Malta. Mkataba uliruhusu wanachama wa zamani kufunga soko lao la ajira kwa wale wa nchi nane kwa kipindi cha mpito cha hadi miaka saba. Ujerumani na Austria zilitumia kipindi chote, hadi 2011. Uingereza, Ireland na Sweden zilifungua mlango mara moja. Waliokuja Uingereza walikuwa wengi kuliko serikali ilivyotarajia, na uhamiaji ukaja kuwa hoja kuu kwenye kura ya maoni ya 2016 ya kutoka Umoja wa Ulaya. Haki ya kwenda taratibu ilikuwepo kwenye mkataba, na Ujerumani iliitumia. Ukilinganisha mikataba ya soko la pamoja, tafuta kwanza vipindi vya mpito. Visipokuwepo, ni sababu nzuri ya kupiga kura ya hapana mpaka viandikwe.

Ndani ya meza au pembeni yake

Linganisha Norwei na Uingereza. Wanorwei walikataa uanachama wa jumuiya ya Ulaya kwa kura mara mbili, 1972 na 1994. Lakini biashara yao kubwa ni na Ulaya, kwa hiyo waliingia Eneo la Kiuchumi la Ulaya, lililoanza 1994. Samaki na kilimo vilibaki nje ya sera za pamoja, na kwa nchi ya wavuvi hilo si jambo dogo. Kwa mengine wanapokea kanuni za soko la pamoja zikishaandikwa Brussels, wanazitia kwenye sheria zao na kulipa mchango. Wataalamu wao wanasikilizwa wakati kanuni zinaandaliwa. Kura hawana.

Uingereza ilikuwa na kura, ikaiacha. Mnamo 23 Juni 2016 asilimia 51.9 walichagua kutoka, na nchi ikatoka rasmi 31 Januari 2020. Ilipata ilichotaka kwa maana halisi: sasa inajiwekea ushuru wake, inasaini mikataba yake ya biashara na kupanga sheria zake za uhamiaji. Ni mamlaka ya kweli, na asiyekubali hilo hajadili kwa haki.

Bei yake inaonekana vizuri zaidi ukiendesha gari kutoka Newry, Ireland ya Kaskazini, kwenda Dundalk, Jamhuri ya Ireland. Hakuna geti, hakuna askari. Unagundua umevuka kwa vibao vya mwendo kubadilika kutoka maili kwenda kilomita. Mpaka huu uliwahi kuwa na minara ya jeshi, na amani iliyopatikana kwa Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998 ilitegemea sana watu kuuvuka bila kuuhisi. Uingereza ilipotoka kwenye soko la pamoja, ukaguzi wa bidhaa ulibidi uwe mahali fulani. Usingeweza kurudishwa barabarani pale. Ukapelekwa baharini, kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza yenyewe, na hata baada ya makubaliano mapya ya Windsor ya 2023 mpangilio huo haukuondoka, ulilegezwa tu. Ndani ya nchi moja, shehena inayovuka kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine sasa ina nyaraka zake. Kwa Waunionisti wa Ireland ya Kaskazini, wanaotaka ibaki sehemu ya Uingereza, hilo ni jeraha la uhuru wa nchi lenyewe.

Kati ya hizo mbili, nchi ndogo iliyo karibu na soko kubwa ningeishauri iingie ndani kabisa kuliko kukaa pembeni. Kanuni za soko kubwa zitaifikia hata hivyo, kupitia wauzaji wake. Afadhali iwe na mkono wa kunyoosha zinapopigiwa kura. Norwei ina mafuta na samaki wa kuiwezesha kuvumilia kukaa pembeni. Wachache wana bahati hiyo.

Sarafu yako au sarafu ya wote

Hapa natua mzigo, maana hapa ndipo naona hatari inayozungumzwa kidogo kuliko inavyostahili.

Benki kuu ya nchi ina vifaa viwili ambavyo wananchi huvihisi bila kuviona. Inaweza kupandisha au kushusha riba, na inaweza kuacha thamani ya sarafu ishuke ili bidhaa za nchi ziwe nafuu nje. Mavuno yakifeli au bei ya zao kuu ikianguka, vifaa hivi ndivyo vinavyopunguza makali kabla watu hawajafukuzwa kazi. Ukiingia sarafu moja, vyote viwili vinahamia kwenye benki kuu ya pamoja, inayoangalia wastani wa eneo zima. Nchi iliyodorora ikiwa peke yake, riba haitashushwa kwa ajili yake. Kinachobaki ni kupunguza mishahara, pensheni na matumizi ya serikali.

Ugiriki ilifika hapo. Tarehe 29 Juni 2015 benki zilifungwa na mtu akaruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku. Mistari ilijipanga mbele ya mashine za fedha. Mashine nyingi ziliishiwa noti za 20, zikawa zinatoa 50 tu, na zile 10 zilizobaki hukuzipata. Wazee wasio na kadi hawakuweza kutoa chochote, ikabidi baadhi ya matawi yafunguliwe kwa ajili yao tu, kwa kiwango cha juu cha euro 120.  Tarehe 5 Julai serikali iliwauliza wananchi kama wakubali masharti ya wakopeshaji. Asilimia 61 walisema hapana. Baada ya siku nane serikali ile ile ilikubali masharti, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kutoka kwenye euro, na hakuna ibara inayosema nchi inatokaje kwenye euro huku ikibaki kwenye Umoja. Hakuna kodi ya mpakani wala hati ya kusafiria iliyowahi kuifanya kura ya maoni iwe nyepesi kiasi hicho.

Faranga ya CFA, sarafu ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika Magharibi na Kati, inaonyesha kisa cha aina nyingine. Iliundwa 1945, na Januari 1994 thamani yake ilipunguzwa nusu kwa siku moja kwa nchi zote zinazoitumia. Zilizohitaji kupunguziwa na zisizohitaji ziliingia pamoja. Mtu aliyelala akiwa na akiba ya kununua dawa za mwezi za kutoka ng'ambo aliamka akiwa na za wiki mbili. Watetezi wa CFA wana hoja yenye uzito: mfumuko wa bei katika nchi hizo umekuwa mdogo kuliko kwa majirani wengi wenye sarafu zao, na mwenye mshahara mdogo ndiye anayeumizwa zaidi na mfumuko. Sarafu yako mwenyewe mikononi mwa serikali isiyojizuia si zawadi. Zimbabwe ya 2008 ni ushahidi wa kutosha.

Kwa hiyo naipenda njia ya Botswana. Ilikuwa ikitumia randi ya Afrika Kusini. Tarehe 23 Agosti 1976 ilianzisha pula, ikatoka kwenye eneo la randi, lakini ikabaki kwenye umoja wa forodha. Lesotho, Eswatini na baadaye Namibia zina sarafu zao kwa jina, ila zimefungwa kwenye randi kwa kiwango cha moja kwa moja. Botswana ilichukua soko la pamoja, ikaacha sarafu ya pamoja. Ilikuwa na almasi za kuiegemeza, na benki kuu iliyosimamiwa kwa umakini. Lakini cha kuzingatia ni kwamba mafungu yanatenganishika. Anayekuambia kwamba soko la pamoja lazima liishie kwenye sarafu moja anakuuzia vitu viwili kwa bei ya fungu.

Kuna hali ya katikati. Wadenmark walikataa euro kwa kura mwaka 2000, lakini krona yao imefungwa kwenye euro kwa ukaribu sana, kwa hiyo benki kuu yao kwa kawaida hufuata riba ya Benki Kuu ya Ulaya iliyoko Frankfurt. Wasweden walikataa 2003 na wameiacha krona yao ielee, yaani thamani yake ipangwe na soko. Kwenye karatasi wote wawili wana sarafu zao. Kwa vitendo Denmark imebaki na kitu kimoja tu, haki ya kubadili mawazo siku ya dhiki. Kitu hicho kimoja Ugiriki haikuwa nacho.

Afrika Mashariki ilisaini itifaki ya umoja wa fedha Novemba 2013 ikilenga 2024. Lengo limesogezwa hadi 2031. Masharti yake ni pamoja na mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa, na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Wengi walisikitikia kuahirishwa. Mimi nilishusha pumzi. Nchi zinazouza dhahabu, chai, mafuta ghafi na utalii hazipati mitikisiko kwa wakati mmoja, na hakuna bado mfuko mkubwa wa pamoja wa kumsaidia aliyetikisika. Bila mfuko huo, sarafu moja itakuwa na wahanga, na tunajua watakuwa raia gani.

Kauli moja au kura ya wengi

Jumuiya ya Mataifa ya Kusini-Mashariki mwa Asia, iliyoanzishwa Bangkok Agosti 1967, inaamua kwa maridhiano na kutoingiliana mambo ya ndani. Hakuna anayelazimishwa. Udhaifu wake ulionekana Myanmar baada ya mapinduzi ya Februari 2021: jumuiya ilikubaliana na kiongozi wa kijeshi mambo matano Aprili mwaka huo, hayakutekelezwa, na adhabu kubwa ikawa kutomwalika kwenye mikutano ya wakuu. Umoja wa Ulaya, kwa mambo mengi ya soko, unaamua kwa asilimia 55 ya nchi zenye asilimia 65 ya watu, huku kodi na sera za nje zikibaki chini ya kura ya turufu. Mgawanyo huo naona una busara. Kura ya turufu iwepo kwenye mambo ambayo nchi ikishindwa haiwezi kujirekebisha, na isiwepo kwenye urefu wa kibali cha usafirishaji.

Lakini kuna mahali ambapo neno uhuru wa nchi linatumiwa vibaya, na hapo siwezi kunyamaza. Ni mahakama.

Mahakama ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, iliyokuwa Windhoek, iliamua mwaka 2008 katika kesi ya mkulima Campbell kwamba Zimbabwe ilikiuka mkataba katika utwaaji wa mashamba. Suala lenyewe la ardhi lilikuwa na historia nzito ya dhuluma ya kikoloni, na watu wenye nia njema walitofautiana juu yake. Zimbabwe ilikataa hukumu. Wakuu wa nchi, badala ya kuilinda mahakama yao, waliisimamisha 2010, na itifaki mpya ya 2014 ikaondoa haki ya mtu binafsi kufungua kesi. Raia wa nchi zote wanachama, ambao wengi wao hawakuwa na shamba wala kesi, walipoteza mlango.

Arusha yalitokea yanayofanana kwa kiasi. Mwishoni mwa 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia wabunge wa Kenya wa bunge la jumuiya kuapishwa, kwa hoja kwamba hawakuchaguliwa kama mkataba unavyotaka. Ndani ya wiki chache mkataba ulirekebishwa, na kuongezwa kitengo cha rufaa na sababu mpya za kuwaondoa majaji. Mahakama ilinusurika, na mtu binafsi bado anaweza kuishtaki serikali yake huko, ila ana miezi miwili tu tangu tukio.

Katika visa vyote viwili uliotetewa ulikuwa uhuru wa serikali kutoulizwa. Uhuru wa nchi ni wa wananchi wake kwanza. Ukilinganisha jumuiya mbili na moja ina mahakama ambayo raia wa kawaida anaweza kuifikia, hiyo ni sababu ya kuikubali, si ya kuiogopa.

Shirikisho au konfederesheni

Historia ya miungano ya kisiasa imejaa iliyovunjika mapema. Misri na Syria ziliungana Februari 1958, kwa kura iliyopita kwa wingi mno. Vyama vya Syria vilivunjwa, maamuzi yakahamia Kairo, na Septemba 1961 Syria ikajitoa. Shirikisho la Mali, lililounganisha Senegal na Sudani ya Wafaransa (Mali ya leo), lilivunjika Agosti 1960, miezi miwili baada ya uhuru. Singapore ilitoka Malaysia 1965 baada ya miaka miwili. Senegal na Gambia zilikaa kwenye konfederesheni kuanzia 1982 hadi 1989. Kilichoikwamisha zaidi ni soko: Gambia iliishi kwa kuagiza bidhaa kwa ushuru mdogo na kuziuza tena ng'ambo ya mpaka, na haikuwa tayari kuoanisha ushuru wake na wa Senegal. Walijenga paa kabla ya ukuta.

Wa Tanganyika na Zanzibar, wa 26 Aprili 1964, umedumu, na ndio wa kuutazama kwa makini zaidi. Mambo ya muungano yalianza yakiwa 11. Baadaye yalifika 22. Manung'uniko mengi ya Wazanzibari yanahusu urefu wa orodha hiyo na namna ilivyorefushwa, na Rasimu ya Katiba ya tume iliyoongozwa na Joseph Warioba ilipendekeza ipunguzwe hadi saba, pamoja na muundo wa serikali tatu. Rasimu hiyo haikufika kwenye kura ya maoni.

Afrika Mashariki iliwahi kupendekezewa shirikisho kufikia 2013. Wananchi walipoulizwa mwaka 2006 na 2007, wengi wa Watanzania hawakutaka kuharakishwa. Mwaka 2017 wakuu wa nchi wakakubali konfederesheni kama hatua ya mpito. Kwa maoni yangu konfederesheni ndiyo chaguo bora kwa sasa, kwa sharti moja: isianze na ulinzi na mambo ya nje, ianze na yale ambayo soko tayari limeyaunganisha.

Mlango wa kutokea

Mkataba wa Afrika Mashariki, ibara ya 145, unataka nchi inayotoka ipate theluthi mbili ya wabunge wake wote na itoe notisi ya miezi 12. Umoja wa Ulaya unatoa miaka miwili ya majadiliano. Greenland ilipiga kura ya kujitoa kwenye jumuiya ya Ulaya mwaka 1982, hasa kwa ajili ya samaki wake, ikatoka 1985. Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza kuondoka ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya nchi za Afrika Magharibi, Januari 2024, zikatoka rasmi 29 Januari 2025, lakini zilibaki kwenye umoja wa kiuchumi na kifedha wa Afrika Magharibi unaotumia CFA. Nchi zilizosema kwa sauti kubwa kuliko zote kwamba zinarejesha uhuru wao hazikuweza kuiacha sarafu siku hiyo hiyo.

Jumuiya ya awali ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977, ilikuwa na shirika la ndege, reli, bandari na posta za pamoja. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Mgawanyo wa mali na madeni, uliosuluhishwa na Mswisi Victor Umbricht, ulikamilika 1984. Wafanyakazi waliosubiri mafao yao walisubiri miaka na miaka zaidi.

Kwa hiyo, nchi isiyo na bandari ningeiambia iingie umoja wa forodha na soko la pamoja bila kusitasita, ikidai kanuni ya kugawana mapato na vipindi vya mpito vya ajira. Nchi yenye uchumi unaotegemea zao moja au madini mamoja ibaki na sarafu yake, hata kama itaifunga kwa jirani, mpaka pawepo mfuko wa pamoja wenye fedha za kweli. Nchi kubwa kuliko wenzake ikubali mahakama na kura za wengi mapema, maana wadogo hawatamwamini bila hizo. Na anayeletewa shirikisho asiulize kwanza rais atatoka wapi. Adai orodha ya mambo yatakayokabidhiwa, ihesabiwe moja baada ya jingine, na ibara inayosema nani anaruhusiwa kuongeza la 12.